Simbi za Bukene Hazihesabiwi

Nimestaafu, lakini hasira yangu bado iko kazini. Naamka nayo hapa Chemchem, Tabora mjini, nakunywa nayo chai, na kijana yeyote anayepita mbele ya nyumba yangu akaniuliza, "Bibi, eti ulisomea samaki?" anaipata ikiwa bado ya moto. Kwa hiyo ninyi mliochaguliwa kwenda chuo kikuu kusoma sayansi ya bahari, na ninyi mnaotamani kuchaguliwa, kaeni vizuri. Sina maneno matamu ya mahafali. Nilifundisha kwa miaka mingi somo lililoitwa Mada za Sasa za Utafiti, na kuna jambo la mwanafunzi wangu mmoja, Nyamizi wa Bukene, ambalo limenikaa kooni mpaka leo.

Lakini nianze na mnayoyasikia kila siku. Juzi baba mmoja wa mtaa wa Cheyo alinijia na binti yake, nimshawishi aache hiyo nafasi aliyopata. "Mwambie asome uhasibu, mwalimu. Tabora na bahari wapi na wapi?" Nikamwuliza kama mawakili wa mji huu wote walizaliwa mahakamani. Akaaga, hata chai hakuimaliza. Binti alibaki nyuma kidogo akaniuliza kama ni lazima ujue kuogelea. Nikamwambia si lazima siku ya kwanza, ila ajue kwamba maji ya huko yanatembea.

Hilo la maji kutembea nililijua kwa aibu. Mimi ni mtoto wa fundi cherehani, na maji makubwa niliyoyajua utotoni ni bwawa la Igombe. Pale Igombe ukiweka ndoo ukingoni, ukaenda kuchuma matunda ya porini, ukirudi unaikuta ndoo pale pale. Basi siku ya kwanza tulipopelekwa kwenye mwamba wa matumbawe wakati maji yamekupwa, nilipewa kazi ya kulinda ndoo ya sampuli za darasa zima. Nikaiweka ukingoni vizuri, nikaenda kushangaa konokono wa baharini. Niliporudi, ukingo haukuwepo na ndoo haikuwepo. Wenzangu wa Tanga na Mtwara walicheka mpaka wakakaa chini kwenye maji.

Mwalimu wetu, Dokta Mkami, hakucheka. "Wewe wa Tabora, huko kwenu maji hukaa. Haya yana ratiba. Kuanzia kesho, wewe ndiye utakayetusomea saa za kujaa na kupwa kabla ya kipindi." Nikazisoma muhula mzima, na mpaka leo, hapa Chemchem, kwenye vumbi hili, nikiamka hujiuliza kule pwani maji yamefika wapi.

Dokta Mkami ndiye aliyenifunza kazi. Alinifunza kuandika kibandiko cha sampuli kwa penseli na kukitumbukiza ndani ya chupa, maana wino huyeyuka kwenye spiriti, na kibandiko cha nje hubanduka, ukabaki na kiumbe asiye na jina wala kwao. Alinifunza kusoma makala ya utafiti kuanzia katikati, pale wanapoeleza walifanyaje, kabla ya kusoma wanavyojisifu mwishoni. Na kuhusu mada za sasa alikuwa na neno moja: "Mada ya sasa ni swali ambalo kuna mtu aliye hai analihitaji jibu lake. Mtafute huyo mtu kwanza." Wakati ule majarida yalitufikia yamechelewa sana, mengine yameloa njiani. Tulikuwa tukigombea nakala moja darasa zima, kwa hiyo kabla ya kusoma swali la mtu mwingine ulikuwa umeshapata muda wa kufikiria la kwako.

Leo makala yote yako kwenye simu. Unachota chupa ya maji ya bahari, maabara inakuambia ni samaki gani wamepita pale, kwa chembe walizoziacha majini. Ni jambo zuri, na mimi si mzee wa kulilia zamani. Kinachonikera ni hiki: nikiwaambia wanafunzi walete mada za sasa, wanafungua simu na kuniletea matumbawe ya Australia. Wote! Mmoja aliniletea barafu ya ncha ya dunia, naye kwao ni Kilwa. Nikamwuliza ni nani Kilwa anayesubiri jibu. Akasema, "Lakini Dokta, ndiyo mada inayotajwa sana." Hayo ndiyo tuliyowafundisha, nasi walimu tumo katika lawama. Tumewaaminisha watoto kwamba utafiti ni kitu kinachotokea kwa wengine, sisi kazi yetu ni kukifuatilia.

Ndiyo maana Nyamizi alipoinua mkono darasani na kusema mada yake iko Bukene, mimi nilisimama.

Nyamizi alikuwa mwaka wa mwisho, mtoto wa wakulima wa mpunga na karanga, Wamoraviani wa kuhudhuria ibada kila Jumapili. Alikuwa mpole, haongei sana, lakini akiuliza swali halirudishi mfukoni. Alisoma mahali kwamba viumbe wa mwambani wanaookotwa sana huzidi kupungua ukubwa, kwa sababu watu huchukua wakubwa kwanza. Akasema, "Tukitaka kujua kama simbi za leo zimepungua, tunahitaji simbi za zamani. Kwa bibi yangu zipo."

Simbi, wengine huziita kauri, mnazijua: yale makombe madogo meupe yanayong'aa, yenye mdomo wa meno chini. Zilipanda huku kutoka pwani kwenye mizigo ya wapagazi, enzi za misafara, wakati Wanyamwezi walikuwa wakienda baharini kwa miguu na kurudi. Babu wa bibi yake Nyamizi alikuwa mpagazi. Alirudi na simbi, zikatungwa, zikawa za wanawake wa nyumba ile, mama kwa binti. Sasa fikirini. Watu wetu walikwenda baharini wakachukua sampuli, wakaziweka salama ndani ya kikapu, vizazi na vizazi. Halafu mtu ananiuliza Tabora na bahari wapi na wapi!

Likizo ilipofika tulipanda treni ya Mwanza, mimi na yeye, tukashuka Bukene. Bibi Kalunde alitupokea uani akichagua karanga. Nikamwamkia kwa Kinyamwezi changu cha mjini, "Mwangaluka, mayu," akanijibu huku akicheka lafudhi yangu. Tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, kwa karanga, tukaongea habari za mvua, na baada ya hapo ndipo Nyamizi alipoeleza shida yetu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kuzipima sawa," alisema. "Kuzihesabu hapana."

Katika nyumba ile simbi hazihesabiwi, kama vile watu wengi wa huku wasivyopenda watoto wao wahesabiwe. Ukizihesabu umezifungia, hazitaongezeka tena, na nyumba nayo haitaongezeka. Na simbi haitoki nje ya nyumba ile isipokuwa imevaliwa na binti wa nyumba, akarudi nayo. Mchungaji mmoja aliwahi kumwambia azitupe, eti ni mambo ya kishenzi, naye akamjibu kwamba Mungu ndiye aliyeziumba, yeye anazitunza tu.

Nyamizi alinitazama. Mnaosoma sayansi mtaelewa alivyonitazama. Utafiti bila idadi ya sampuli ni sawa na kwenda sokoni bila mfuko. Mimi nikanyamaza makusudi, maana swali lilikuwa lake. Akafikiri, kisha akasema, "Bibi, nikiichora kila simbi kwenye karatasi, karatasi ni za nani?"

"Karatasi ni zako."

"Naweza kuzihesabu karatasi zangu?"

Bibi Kalunde alicheka sana. "Karatasi zako hesabu utakavyo, mjukuu wangu. Simbi zangu usiziguse kwa hesabu."

Basi tukafanya kazi hivyo. Bibi anatoa utepe wa simbi kikapuni, anachopoa simbi moja, anampa Nyamizi, Nyamizi anaizungushia penseli kwenye kipande chake cha karatasi, anaandika urefu na upana, anairudisha. Nawapa na ujuzi hapa, mtauhitaji. Simbi nyingi za kutungwa zimekatwa mgongo ili zipitishwe uzi, kwa hiyo hulala sawasawa mezani, lakini kimo chake huwezi kukipima tena, usijaribu kukikisia. Pima zilizokomaa tu, na utazijua kwa ukingo wa mdomo ulionenepa na meno yaliyojipanga. Na penseli isimame wima. Penseli ikilala, simbi inanenepa kwenye karatasi, na utamdanganya msomaji bila kukusudia. Nyamizi alichora kwa utulivu ambao mimi sikuwa nao katika umri wake, na bibi yake alikuwa akimsimulia kila utepe ulivaliwa na nani, siku ya harusi ya nani.

Tulirudi chuoni nikiwa na furaha. Sijui nilikuwa nategemea nini kwa wenzangu.

Mada husikilizwa na jopo la walimu, na siku ile alikuwepo pia profesa mgeni kutoka ng'ambo, aliyeleta mradi mkubwa idarani kwetu. Nyamizi alieleza vizuri. Yako maswali magumu ambayo jopo lenye akili lingemwuliza. Unajuaje simbi hizi ni za mwambao wetu? Unajuaje wafanyabiashara hawakuchagua kubwa tu? Alikuwa amejiandaa kwa yote mawili: ufuo zilikotoka bibi aliukumbuka, na hata tepe za watoto wadogo alizipima, zenye simbi za kila saizi. Hakuna aliyeuliza. Mkuu wa idara aliuliza, "Simbi ngapi?"

"Simbi hazihesabiwi, mheshimiwa. Nimehesabu michoro. Idadi ya michoro iko ubaoni."

Jopo zima likaangua kicheko. Mkuu wa idara akafuta machozi kwa leso. "Hii ni sayansi ya bahari au ni mizimu ya Unyamwezi?" Nyamizi alisimama pale, mikono imeshika karatasi. Sijawahi kukasirika vile maishani mwangu. Kila simbi ilikuwa na mchoro wake mmoja, wameshaelezwa, hesabu wanayo! Walichokicheka ni kwamba msichana ameheshimu sharti la mwenye mali. Kwa wageni tunaita hilo kibali cha utafiti, tunaligongea mihuri. Likiwa la Bibi Kalunde, tunaliita mizimu.

Ukiniacha mimi, mtu mmoja tu hakucheka, yule profesa. Alikuwa akiandika. Kesho yake mkuu wa idara alituita ofisini, na sauti imebadilika, tamu kama asali ya Sikonge. Mgeni amependa. Mgeni anataka simbi zenyewe, zikatobolewe kwenye maabara yao, wasome kwenye unga wake joto la bahari ya zamani. Nyamizi azilete. Na wamefikiria kila kitu: "Jina lako tutaliweka kwenye shukrani."

Mnajua shukrani ni wapi? Ni ile aya ya mwisho kabisa ya makala, maandishi madogo, pamoja na dereva na aliyetoa boti.

"Si zangu," Nyamizi alisema. "Ni za bibi."

Basi tukaenda kumwona bibi. Gari jeupe, mgeni mbele, mkuu wa idara nyuma na Nyamizi na mimi tumebanana. Njia nzima mgeni alieleza jinsi ugunduzi huu utakavyobadilisha mambo, na mkuu wa idara akawa anaitikia. Hakuna aliyemgeukia Nyamizi.

Bibi Kalunde alituandalia viti. Mgeni akafungua sanduku la plastiki alilokuja nalo, zuri, lina vijumba vidogo vidogo, na kila kijumba kimechapwa namba. Bibi alikitazama kile kitu. Akauliza namba zile ni za nini. Mkuu wa idara, kwa furaha ya mtu anayeeleza jambo jema, akasema, "Kila simbi itapewa namba yake, mama, isipotee."

Mimi nilifumba macho.

Bibi alifunika kikapu cha simbi alichokuwa ametutolea uani. Hakupandisha sauti. Aliingia nacho ndani, akatoka na simbi zilizotungwa, tepe juu ya tepe, akamwita Nyamizi, akamvisha shingoni na kiunoni mbele yetu sote. Kisha akamgeukia mkuu wa idara. "Simbi za nyumba hii hutoka zikiwa zimevaliwa. Mkizitaka, mchukueni na huyu. Akifika huko ashike yeye, apime yeye, aseme yeye. Akirudi, zirudi naye."

Nilimtafsiria mgeni, na nawahakikishia sikupunguza hata neno. Mgeni akasema kwa upole kwamba mradi hauna nafasi ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Mkuu wa idara akaongeza, kwa Kiswahili, kwamba huu ni ukaidi. "Basi kwaherini," alisema bibi, akawafungia karanga za njiani. Ndiyo, aliwafungia karanga. Nimeshindwa kumsamehe kwa hilo, mimi ningewanyima hata maji.

Kilichofuata ndicho kinachonichoma. Nyamizi aliambiwa mada yake imefutwa, achague nyingine kwenye orodha, la sivyo hatamaliza shahada. Mtoto wa wakulima, mwaka wa mwisho, ndugu zake wanamsubiri. Alikuja ofisini kwangu akalia, kisha akaniuliza, "Dokta, nikichukua mada ya nyasi bahari, bibi ataona nimezikana?" Nikamwambia shika simbi zako, niachie mimi kelele. Nilipiga kelele kikaoni, nikapiga kwenye korido, nikaandika juu mpaka walio juu wakachoka na mimi. Nilikuwa karibu na kustaafu, wangenifanya nini? Nawashauri, vijana: mkiwa na mwalimu anayekaribia kustaafu, mtumieni. Mwishowe wakakubali asikilizwe tena.

Nyamizi akaenda Bukene kuzifuata, akarudi kwa treni hadi Tabora na basi hadi pwani akiwa amezivaa simbi chini ya nguo. Siku ya jopo alibandika michoro yote ukutani, safu juu ya safu, simbi za zamani upande mmoja, na upande wa pili simbi alizozichora mwambani wakati maji yamekupwa, akaziacha palepale, konokono wenyewe wangali hai ndani yake. Hukuhitaji shahada kuona. Ungesimama mlangoni ungeona simbi za upande wa leo zimepungua ukubwa. Jopo lilitembea likitazama, na safari hii hakuna aliyetoa leso.

Mkuu wa idara alikuwa hajaacha. "Bado hujanijibu. Simbi ngapi?"

"Zote, mheshimiwa," alisema Nyamizi. "Hakuna hata moja iliyobaki mikononi mwa mtu mwingine."

Wakampitisha. Alama walizompa ni za kuhurumia, na nimewaambia hivyo machoni. Na muda si mrefu baadaye, ilitoka makala ya yule profesa: simbi za zamani na bahari inayobadilika, kwa kutumia simbi zilizoko kwenye makabati ya ng'ambo, ambazo hakuna ajuaye zilivaliwa na nani. Bukene haimo. Nyamizi hayumo, hata kwenye shukrani. Na chuoni sasa inafundishwa katika somo langu nililoliacha, Mada za Sasa, kama wazo lililotoka kwa profesa huyo.

Mkienda mkafundishwa hivyo, inueni mkono. Msiwe wapole. Semeni mmesikia ni la Nyamizi wa Bukene.

Yeye mwenyewe yuko pwani anaendelea na shahada ya pili, mada ileile. Kila likizo hupita kwangu na penseli zake. Nyumba baada ya nyumba, Bukene, Nzega, hata hapa mjini Chemchem kwa Waislamu wenzangu wanaotunza simbi za mama zao, wanamfungulia vikapu. Wanamfungulia kwa sababu zile za kwanza, za bibi yake, walimwona akiondoka nazo na wakamwona akirudi nazo. Za mama yangu mimi nilimpa moja moja, na nikajizuia kuhesabu, jambo gumu kuliko nilivyodhani kwa mtu wa kazi yangu.

Mwezi uliopita yule profesa aliniandikia. Makabati yake yameishiwa majibu, hajui simbi zake zilitoka ufuo gani, na amesikia kuna nyumba Tabora zinazokumbuka. Anaomba mtu wa kumsaidia kuingia majumbani. Nilimjibu kwamba utafiti huo una mwenyewe, amwandikie Nyamizi, na ajitambulishe.

Amemwandikia. Nyamizi alikuja kunionyesha jibu lake kwenye simu kabla ya kulituma, akiniuliza kama Kiingereza kimekaa sawa. Alimkaribisha vizuri sana. Alimwambia vipimo vya maabara yake vitafaa, avilete Tabora, kazi ya kuchora tayari ina watu. Na mwisho akaandika kwamba asiwe na wasiwasi, jina lake tutaliweka kwenye shukrani.

Nikamwambia kimekaa sawa, atume.